Kinga Haina Utepe wa Kukata

Hotuba kwa waumini na wanaharakati wa mageuzi wa Likoni, Kisauni na Changamwe



Mada niliyopewa ni uongozi na afya: vipi tutawatibu wagonjwa waliopo leo bila ya kusahau kuwakinga walio wazima. Wako watakaouliza mada hii ina uhusiano gani na harakati za mageuzi. Jawabu langu ni kwamba zahanati isiyo na dawa ni jambo la siasa. Mtaro uliozibwa na taka ni jambo la siasa. Na mtoto anayepatwa na kipindupindu kwa kunywa maji ya kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka chooni ameponzwa na maamuzi ya watu wenye vyeo kabla ya kuponzwa na vijidudu.

Hoja yangu ni moja. Mfumo wa vyama vingi ulitupa uwezo wa kumng'oa kiongozi asiyefaa. Lakini kiongozi anayeiogopa kura hufanya lile ambalo mpiga kura analiona na kulidai. Na sisi wapiga kura tumezoea kudai tiba peke yake, tukaiacha kinga bila ya mtetezi. Maadamu hali ni hiyo, tutabadilisha viongozi kila baada ya miaka mitano na foleni za hospitali zitabaki palepale.

TULIKOTOKA

Wenye umri miongoni mwetu wanakumbuka Desemba 1989. Tangu 1965 matibabu ya wagonjwa wasiolazwa katika hospitali za umma yalikuwa bure. Mwaka huo wa 1989 Hazina ilikuwa katika dhiki, wakopeshaji wa nje walikuwa wakishinikiza, na serikali ikaanzisha ada katika hospitali na vituo vyake vya afya, mpango ulioitwa kugawana gharama. Ilionekana kuwa njia ya haraka ya kujaza pengo la fedha.

Matokeo yake yalikuwa nini? Watafiti waliofuatilia kliniki moja ya maradhi ya zinaa mjini Nairobi waliona kwamba katika miezi ya ada hiyo, idadi ya wanaume waliofika kutibiwa ilishuka hadi takriban asilimia 40 ya ile ya awali, na ya wanawake hadi takriban asilimia 65. Fikirini ulikuwa ni wakati gani. Virusi vya ukimwi vilikuwa vikienea nchini, na ugonjwa wa zinaa usiotibiwa huvifungulia virusi hivyo mlango. Shilingi chache zilizokusanywa dirishani zilimfukuza mgonjwa ambaye taifa zima lilihitaji atibiwe upesi, na gharama ya mgonjwa huyo aliyefukuzwa haikuandikwa katika daftari lolote la Hazina. Ada hiyo ilisimamishwa Septemba 1990, kisha ikarejeshwa hatua kwa hatua kuanzia 1992.

Hivyo ndivyo shinikizo la leo linavyokula kesho. Na tukumbuke kwamba uamuzi ule ulipitishwa katika nchi ya chama kimoja, ambamo mwananchi hakuwa na pa kuuliza. Ndiyo maana mahubiri ya kina Askofu Henry Okullu na Mchungaji Timothy Njoya yaligusa mioyo ya watu: waliyahubiri madaraka yasiyohojiwa kuwa ni maradhi. Kifungu cha 2A cha Katiba kiliondolewa Desemba 1991. Tarehe 29 Desemba 1992 Wakenya wakapiga kura ya vyama vingi. Na tarehe 27 Agosti 2010 tukapata Katiba mpya, ambayo kifungu chake cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kinakataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.

Kisomeni kifungu hicho kwa makini. Kinaitaja afya, kikataja makazi na usafi, kikataja chakula cha kutosha, kikataja maji safi na salama, vyote katika kifungu kimoja. Waliokiandika walijua kwamba afya haikai hospitalini peke yake. Tena Jedwali la Nne la Katiba hiyo limeikabidhi serikali ya kaunti hospitali na zahanati, magari ya wagonjwa, afya ya msingi, ukaguzi wa wauza vyakula, uzoaji wa taka, na huduma za maji. Mamlaka yaliyotawanyika zamani katika wizara nyingi za Nairobi yamewekwa karibu, chini ya gavana mmoja na bunge moja la kaunti tunalolichagua sisi. Kwa hiyo hakuna kiongozi wa kaunti awezaye kusema kwamba hospitali ni yake lakini mtaro si wake.

KWA NINI KIONGOZI HUKIMBILIA JENGO

Basi, ikiwa sheria ni njema hivi, mbona kinga husahauliwa?

Sababu ya kwanza ni saa ya siasa. Saa hiyo huzunguka kwa miaka mitano. Jengo la wodi huonekana. Lina jiwe la msingi, lina jina la kiongozi, lina utepe wa kukatwa siku ya kufunguliwa. Gari jipya la wagonjwa hupigwa picha. Kinga haina utepe wa kukata. Mtoto ambaye hakuugua surua hana picha ya kuonyeshwa, na mama ambaye hakufa kwa kifafa cha mimba hamshukuru mtu yeyote, kwa kuwa hajui alinusurika.

Chukueni ndui. Mgonjwa wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, Oktoba 1977, katika pwani hii hii yetu ya Bahari ya Hindi. Mei 1980 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba ugonjwa huo umetoweka. Ni nani kati yetu aliyewahi kumpigia mtu kura kwa sababu hakuna ndui? Ushindi mkubwa kuliko yote katika historia ya tiba umesahauliwa na wale wale unaowalinda.

Sababu ya pili ni dharura. Fedha zinapopungua, fungu la kwanza kukatwa ni lile ambalo likikatwa leo hakuna atakayelia kesho. Ukiifunga wodi, watu watakusanyika langoni jioni ile ile. Ukiacha kumwajiri afisa wa afya ya umma, hakuna atakayeandamana. Wazee wetu wanamkumbuka bwana afya, aliyekuwa akipita nyumba hadi nyumba, akichungulia visima, akikagua vyoo na kumwaga maji yaliyotuama katika makopo. Watu walimkimbia, wengine walimchukia. Lakini alipopunguzwa mitaani, ni mkutano gani wa hadhara uliomdai arudishwe?

Sababu ya tatu ni migogoro isiyotatuliwa mapema. Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, hadi Machi 2017, na kiini chake kilikuwa makubaliano yaliyotiwa sahihi tangu 2013 bila ya kutekelezwa. Miezi michache baadaye wauguzi nao wakagoma kwa takriban miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Siwalaumu wafanyakazi wanaodai haki yao. Nasema kwamba hata mgomo unaweza kukingwa: kwa kulipa deni kabla halijawa vita, na kwa kutotia sahihi ahadi isiyo na fedha.

OWINO UHURU: GHARAMA YA KUTOKINGA

Kama yuko anayedhani haya ni maneno ya vitabuni, na aende Mikindani, katika kijiji cha Owino Uhuru, ambacho kabla ya uchaguzi wa 2013 kilihesabiwa katika jimbo la Changamwe. Hapo, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu wapatao 3,000, kiliwekwa kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata madini ya risasi ya kuuzwa ng'ambo. Moshi ulitua juu ya mapaa ya nyumba, na maji machafu ya kiwandani yakatiririka vichochoroni ambamo watoto walicheza.

Risasi ni sumu isiyo na haraka. Huingia kwa pumzi, kwa maji na kwa vumbi la mikononi. Huathiri ubongo wa mtoto, damu, figo, na mimba ya mama. Dawa zipo za kuitoa mwilini kiasi, lakini akili ya mtoto iliyodhuriwa hairudishwi na dawa yoyote. Huo ndio ugonjwa ambao tiba yake ya kweli ni moja tu, nayo ni kuuzuia.

Bi Phyllis Omido alifanya kazi katika kiwanda hicho, mwanawe akaugua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto huyo. Badala ya kunyamaza aliwakusanya majirani, akaandika barua, akaandamana, akakamatwa. Kiwanda kilifungwa 2014, na mwaka 2015 yeye akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, ikizihesabu taasisi za serikali pamoja na wenye kiwanda kuwa wawajibikaji wa madhara yale. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa iliutengua uamuzi huo wa fidia. Tarehe 6 Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha.

Sasa tupige hesabu. Kwa upande mmoja, weka gharama ya kuwatuma wakaguzi wachache kabla ya kiwanda kuwasha tanuri, na kukataa leseni mahali wanapolala watoto. Kwa upande wa pili, weka shilingi bilioni 1.3, miaka ya kesi tangu mahakama ya kwanza hadi ya mwisho, makaburi, na watoto ambao hakuna hukumu itakayowarudishia walichopoteza. Hakika usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ukuta wenyewe haujengeki.

Tukumbuke pia kilichowavuta wakubwa wakakubali: ajira na fedha za kigeni. Hayo ni mahitaji ya kweli. Vijana wa Changamwe wanahitaji kazi. Lakini kiongozi ni yule awezaye kusimama mbele ya haja ya leo na kuuliza bei yake ya kesho, tena amuulize anayeilipa, yaani jirani wa kiwanda.

PIPA LA MAJI KISAUNI

Sasa tuvuke upande wa Kisauni, tukatazame jambo dogo: pipa la maji.

Nyumba nyingi za Kisauni, kama zile za Likoni, hazipati maji ya bomba kila siku. Mji huu hutegemea maji ya mbali: Mzima, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi. Bomba likikauka, watu hununua maji kwa mikokoteni, au huteka visimani, na huyahifadhi katika mapipa na mitungi. Sehemu kubwa ya maeneo haya haina mabomba ya maji taka, kwa hiyo choo cha shimo na kisima huwa majirani. Hapo ndipo kipindupindu hupata nyumba.

Lakini si kipindupindu peke yake. Ndani ya pipa lisilofunikwa huzaliwa mbu mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana, ambaye chandarua cha usiku hakimzuii. Ndiye aenezaye homa ya dengi, iliyozuka Mombasa 2013 na ikarudi tena baadaye. Ndiye aliyeeneza chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018. Jina hilo la chikungunya ni la Kimakonde, lilitolewa kusini mwa Tanganyika ugonjwa ulipotambuliwa mwaka 1952, na maana yake ni kule kujikunja kwa mgonjwa ambaye viungo vyake vinauma. Watu wa Mombasa walijikunja hivyo kwa wiki na miezi. Wachukuzi hawakubeba, kina mama hawakufika sokoni.

Idara ya afya ilifanya nini? Ilifanya iliyoweza: ilipulizia dawa, ikawapa wagonjwa vidonge vya maumivu, maana dawa ya kuua virusi vyenyewe haikuwapo. Lakini mzizi wa ugonjwa ule ulikuwa bomba lililokauka, na bomba si la idara ya afya. Hiyo ndiyo maana ya huduma ya afya iliyounganishwa, neno ambalo wataalamu hulitamka kwa majivuno na wananchi wakalidhani ni la kigeni. Maana yake ni rahisi: mkuu wa maji, mkuu wa taka na mkuu wa hospitali waketi meza moja, wenye ramani moja ya wadi, na gavana aulize swali moja: ni wapi watu wataugua msimu huu wa mvua, na ni nani kati yenu atakayelizuia hilo kabla ya masika?

MGONJWA MMOJA, MILANGO MINGI

Kuunganisha huduma kuna sura ya pili, ndani ya kituo chenyewe. Tumchukue mama mmoja wa Mtongwe. Si mtu fulani, ni mfano. Ana mimba ya miezi saba, anaishi na virusi vya ukimwi, na ana mtoto wa miaka miwili aliyekosa chanjo. Mahali ambapo huduma zimetenganishwa, kliniki ya wajawazito ina siku yake, dawa za ukimwi zina siku yake, chanjo ina siku yake. Mara tatu atalipa nauli, mara tatu ataacha biashara yake ya mboga. Atachagua moja, na mara nyingi atachagua ile ambayo akiikosa ataumwa mapema zaidi. Presha yake haitapimwa. Usiku mmoja kifafa cha mimba kitamshika, apewe rufaa ya kwenda Coast General kisiwani, na baina yake na daktari pana kivuko cha Likoni, ama mzunguko mrefu wa barabara ya Dongo Kundu.

Wodi nzuri na gari la wagonjwa vitamfaa usiku ule, la hasha sisemi havina kazi. Lakini mashine ya kupimia presha, mikononi mwa mhudumu wa jamii anayepita mlangoni kwake, ingemfaa wiki sita kabla. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya wa jamii wapatao laki moja nchini, wakapewa mikoba yenye vipimo vya presha na sukari, kwa ahadi ya posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Oktoba mwaka huo huo ilitiwa sahihi Sheria ya Afya ya Msingi, pamoja na sheria inayoruhusu hospitali za umma kubaki na fedha zinazokusanya. Tarehe 1 Oktoba 2024 ilianza Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikiwa na hazina maalumu kwa ajili ya huduma za msingi. Sheria tunazo. Lililobaki ni kuuliza kila mwezi: posho imelipwa? Dawa imefika? Vipimo vinafanya kazi?

Tena tumepata onyo. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na huduma za ukimwi katika nchi yetu zikatikisika, kwa sababu nyingi zilikuwa zimejengwa kando, na watumishi wake wakilipwa na wafadhili. Kuziunganisha na huduma za kawaida, jambo lililozungumzwa kwa miaka, kukawa ghafla ni lazima. Nyumba ya mtu huegemezwa nguzo zake mwenyewe. Ukiiegemeza ukuta wa jirani, siku atakapoubomoa hutakuwa na la kumlaumu.

MIZANI

Najua swali mlilo nalo, na ni la haki. Mtoto akitetemeka kwa homa mlangoni, tumwambie asubiri tuchimbe mitaro? Hapana. Asiyemtibu aliye mbele yake hana idhini ya kuhubiri kinga. Ninachokikataa ni desturi ya kuchukua fedha za kinga kila dharura inapobisha, kwa ahadi ya kuzirudisha, na kutozirudisha.

Kisa cha Yusufu tunakijua sote, Wakristo na Waislamu. Katika miaka saba ya neema alishauri itengwe sehemu moja ya tano ya mavuno ya Misri. Jambo la kuzingatia ni kwamba watu waliendelea kula katika miaka hiyo, hakuwafungisha njaa. Alitenga sehemu inayojulikana, akaiwekea ghala na mlinzi, na hakuiruhusu iliwe kabla ya wakati wake. Huo ndio uongozi: kiasi kilichotajwa, mahali palipotajwa, na mtu wa kujibu.

Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, lengo ambalo Kenya haikulifikia kwa miaka mingi iliyofuata. Lakini hata asilimia 15 ikipatikana, ikiwa yote itaingia katika mishahara na majengo, tutakuwa tumejaza ghala lisilo na mlinzi.

TUFANYE NINI

Ndugu zangu, mageuzi ni kazi ya kalenda. Napendekeza mambo manne.

Kwanza, tuijue bajeti. Kwa mujibu wa sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti hufikishwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mwelekeo wa bajeti, kabla ya 28 Februari. Makadirio yenyewe, kabla ya 30 Aprili. Na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Anayelalamika mwezi wa Agosti kwamba zahanati haina dawa amechelewa miezi mingi. Kila parokia na kila kundi la wanaharakati liteue watu wawili wa kuzifuata tarehe hizo, wahudhurie vikao vya maoni ya wananchi, na waulize: fungu la kinga ni shilingi ngapi, na limehamishwa mara ngapi mwaka uliopita? Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kujibiwa.

Pili, tudai ubao. Katika kila zahanati ya Likoni, Kisauni na Changamwe ubandikwe ubao unaosema, kila robo ya mwaka, ni watoto wangapi wamechanjwa, ni siku ngapi dawa muhimu zilikosekana, na ni fedha kiasi gani zilipokelewa. Kinga haionekani, basi sisi tuifanye ionekane. Kiongozi atakayepunguza wagonjwa wa kuhara katika wadi yake apigiwe makofi, kama tunavyompigia aliyejenga ukumbi.

Tatu, makanisa yajitazame. Jumapili nyingi bahasha hupitishwa ili kulipa bili ya hospitali ya muumini, ama kumtoa marehemu mochari. Ni tendo la upendo, nami siliombei likome. Lakini ni wapi tuliwahi kupitisha bahasha ili kununua kipimo cha presha? Jumuiya ndogondogo hukutana nyumba kwa nyumba kila wiki. Hakuna idara ya serikali inayoijua mitaa kuliko hizo. Baada ya sala, na waulizane: nani hajamaliza chanjo ya mtoto, nani ameacha dawa za kisukari, pipa la nani halina kifuniko? Misikiti nayo ina madarasa na ina akina mama. Mbu haulizi dini, nasi tusiulizane.

Nne, tuwahoji wagombea. Uchaguzi wa 2027 haujafika, lakini wapo wanaopita sasa hivi na vitenge na unga. Mwakilishi wadi akija, msimuulize atajenga nini tu. Muulizeni atalinda nini. Muulizeni ni magonjwa gani matatu yanayowalaza watoto wa wadi yake, na atayazuia vipi kabla ya kuyatibu. Asiyejua jibu aende akajifunze kisha arudi. Na akisha kuchaguliwa, tusimpigie simu kila tunapougua atulipie dawa, kisha tukashangaa kwamba hana wakati wa kukaa katika kamati ya afya. Sisi ndio tunaomfundisha kazi yake.

Ndugu Mwenyekiti, waliopigania vyama vingi hawakuteswa na kufungwa ili tupate fahari ya kuchagua ni nani atakayetukatia utepe. Walitaka mwananchi awe na sauti katika mambo yanayoamua kama ataishi au atakufa. Katika Mombasa bara mambo hayo ni maji, ni choo, ni mtaro, ni sindano ya chanjo, ni mtu wa kupima presha ya mama kabla usiku haujaingia. Masika yatakuja mwakani kama yalivyokuja mwaka jana, na mitaro ama itakuwa imezibuliwa ama haitakuwa. Tarehe 28 Februari itakuwa imepita kabla ya mvua. Naomba siku hiyo majina yenu yawe katika daftari la waliohudhuria.

Mungu awabariki, na aibariki Kenya.